Je, Uongeze Fedha Ununue Flashi Kubwa Zaidi?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wapiga picha wenzangu wa sherehe hapa Dar es Salaam linahusu flashi. Mtu ana flashi ndogo ambayo bado ni nzima, ameona toleo jipya na kubwa zaidi katika duka fulani la Kariakoo, na anataka kujua kama aongeze fedha akalichukue. Mimi humjibu kwa kumuuliza hiyo aliyonayo inamshinda wapi hasa. Wengi husema kwamba mwanga hautoshi, lakini tukikaa na kuzipitia picha zenyewe moja baada ya nyingine, tunakuta kwamba picha nyingi zilizoingia giza zilipigwa kabla flashi haijamaliza kujaa umeme, na kwamba picha iliyotangulia, ya watu walewale mahali palepale, ina mwanga mzuri kabisa.

Tuanze na namba, kwa sababu ndizo zinazouza flashi. Nguvu ya flashi hutajwa kwa namba ya mwongozo: ukiigawa kwa namba ya tundu la lenzi, unapata umbali, kwa mita, ambao flashi hiyo inaweza kuumulika vya kutosha kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kupokea mwanga). Nimefanya kazi kwa miaka mingi na Canon Speedlite 430EX II, ambayo namba yake ni 43. Nilipoanza kuitamani 600EX-RT, iliyotoka mwaka 2012 ikiwa na namba 60, hesabu ya haraka ilinionyesha kwamba ningepata mwanga karibu maradufu, yaani stopu moja nzima. Hesabu hiyo haina kosa, ila namba zenyewe hazikupimwa katika hali moja. Ile 43 imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi milimita 105, yaani kikikusanya mwanga kwa ajili ya lenzi ya urefu huo, na ile 60 kikiwa kimevutwa hadi milimita 200, ambako mwanga wote umekusanywa kwenye eneo dogo.

Ukizirudisha zote mbili kwenye milimita 35, mahali ambapo mpiga picha wa harusi hushinda usiku mzima, 430EX II inabaki na namba 31 na 600EX-RT inabaki na 36. Kwa kuwa mwanga hufuata kipeo cha pili cha namba hizo, faida halisi ni asilimia 35 hivi, chini ya nusu stopu. Hiyo ni sawa na kupandisha ISO kutoka 800 hadi 1000 na kidogo, jambo ambalo kamera yoyote ya miaka ya karibuni hulifanya bila mtu kuona tofauti kwenye picha iliyochapishwa. Kwa anayepiga kutoka mbali kwa lenzi ndefu, kwa mfano yule anayelazimika kusimama nyuma ya kanisa wakati wa ibada, hali ni tofauti: kwenye milimita 105 namba ni 43 dhidi ya 58, na hapo tofauti inakaribia stopu nzima. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha flashi mbili, tafuta jedwali la namba za mwongozo kwenye kijitabu cha kila moja, kisha usome mstari wa lenzi unayoitumia wewe. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikushughulishe.

Wapo wanaosema wanahitaji flashi kubwa kwa sababu wanadundisha mwanga darini, na kumbi zetu zina dari ndefu. Hoja hii ina uzito, lakini inaishia mahali pasipotarajiwa. Chukua sebule ya kawaida yenye dari ya mita 3, nawe umesimama mita 3 kutoka kwa mtu unayempiga: mwanga unaopanda darini na kumrudia husafiri mita 4 hivi. Ingia sasa kwenye ukumbi wenye dari ya mita 7, usimame umbali uleule, na safari hiyo inafika mita 11. Kwa makadirio, umepoteza karibu stopu 3, na hapo sijahesabu vitambaa vya zambarau na dhahabu ambavyo wapambaji huvitandaza chini ya dari, vinavyomeza mwanga na kuupaka rangi yao. Flashi inayokuongezea nusu stopu haiwezi kuziba pengo la stopu 3. Dawa ya ukumbi wa namna hiyo ni kuishusha flashi kutoka kwenye kamera, kuiweka kwenye stendi karibu na jukwaa, na kuifyatua kwa triga (kifaa cha kuiwasha kutoka mbali bila waya), kwa sababu umbali ukipungua kwa nusu mwanga unaofika huongezeka mara nne. Kwa anayekusudia kufanya hivyo, flashi ya pili ndogo na ya bei nafuu itamfaa kuliko flashi moja kubwa. Mbili zinazolingana zikifyatuliwa pamoja kutoka upande mmoja zinakupa stopu moja kamili ya ziada, na siku nyingine unaweza kuzitenganisha, moja ikamulika uso na nyingine ikatoka nyuma ya maharusi.

Kinachonifanya nisiidharau kabisa hoja ya kubadilisha flashi ni muda, na kwa sherehe za kwetu muda ni jambo kubwa. Aliyewahi kupiga picha za harusi anajua kipindi cha utoaji zawadi. Mshereheshaji anawaita ndugu wa upande wa bibi harusi, muziki unafunguliwa, msururu unaanza kuserebuka kuelekea meza kuu, na kila mtu anayewapa mkono maharusi anatarajia kuiona picha yake. Shangazi hatasimama akusubiri, na akishapita amepita. Wanafuata wafanyakazi wenzake bwana harusi, majirani, wanakwaya, halafu kamati yenyewe. Unafyatua mfululizo kwa nusu saa au zaidi, mara nyingi kwa nguvu ya nusu au kamili, na flashi inayohitaji sekunde 3 au 4 kujaa itakuachia picha za migongo na picha za giza. Joto nalo linaingia hapa, kwa maana flashi nyingi za kisasa hujilinda zikipata moto kwa kuchelewesha kujaa au kuzima kabisa, na ukumbi wa Dar es Salaam mwezi wa Januari hauzisaidii hata kidogo.

Hapa ndipo ukubwa unapowapotosha wengi, kwa kudhani kwamba flashi kubwa hujaa upesi zaidi. Flashi kubwa inayotumia betri zilezile nne za AA haina chanzo kingine cha umeme, na kwa nguvu kamili hukawia zaidi kwa kuwa ina tangi kubwa la kujaza. Kwa betri za alkali, Canon wenyewe hutaja hadi sekunde 5.5 kwa 600EX-RT, ilhali 430EX II hutajwa kwa sekunde 3 hivi. Ukizitaka zitoe kiasi kilekile cha mwanga, zitakaribiana, kwa sababu umeme unaohitajika unakaribiana. Faida ambayo 600EX-RT inayo kweli katika jambo hili ni tundu la kuchomeka pakiti ya betri ya nje, ambalo 430EX II haina.

Kwa hiyo, kama muda ndio unaokushinda, anza na betri kabla ya flashi. Betri za kuchaji za aina ya NiMH hutoa umeme kwa kasi kuliko alkali na huifanya flashi ijae upesi zaidi, na seti tatu za betri nzuri pamoja na chaja ya maana ni sehemu ndogo tu ya bei ya flashi mpya. Eneloop, ambazo zipo tangu mwaka 2005, ndizo ninazozitumia. Uwe macho unaponunua: betri ya AA ya aina hii haivuki sana mAh 2,700 (kipimo cha umeme inaoubeba), hivyo ile iliyoandikwa 3,800 au 4,600 irudishe kwenye kabati la muuzaji bila mjadala. Nawajua wenzangu waliobadilisha betri tu na wazo la kubadilisha flashi likawatoka wenyewe.

Kwa wale ambao betri nzuri bado haziwatoshi, hatua inayofuata ni flashi yenye betri yake ya lithiamu. Godox V860III na V1 zinatajwa kujaa kwa sekunde 1.5 hivi kwa nguvu kamili, na kufyatua takriban mara 480 kwa chaji moja. Nguvu yao ya mwanga haipishani sana na ya flashi nyingine kubwa za juu ya kamera, na kama ningekuwa nalinganisha mwanga peke yake nisingeona sababu ya kuzinunua. Nilichukua V860III kwa ajili ya ile nusu saa ya zawadi, na nikaona nafuu sherehe ya kwanza kabisa. Uzito unauhisi pia, hasa mwisho wa usiku unapokuwa umeshika kamera tangu mchana, na mwenye kamera ndogo isiyo na kioo (mirrorless) ataona kwamba kichwa cha flashi kinataka kuipindua mikononi. Wauzaji hawalitaji jambo hili, lakini mkono hautalisahau.

Hali moja ambayo mwanga wenyewe huwa haba kweli ni jua kali la mchana. Jua la wazi kwa ISO 100 na shata (kifuniko cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) ya sekunde 1/200 hutaka tundu la f/11. Flashi yenye namba 31 ikiwa wazi itafika mita 2.8, na yenye namba 36 itafika mita 3.3. Weka mwavuli ili kulainisha mwanga, ambao hula karibu stopu 2, na umbali unashuka hadi mita 1.4 kwa moja na mita 1.6 kwa nyingine. Kwa tofauti ya sentimita 20, nisingemshauri mtu atoe hata shilingi. Ukifungua tundu na kupandisha shata juu ya kasi ambayo kamera yako inakubaliana na flashi, kwa kawaida 1/200 au 1/250, flashi italazimika kutoa mwanga kwa mapigo mengi madogo na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mwenye kazi nyingi za ufukweni saa 7 mchana, ambaye wateja wake hawawezi kubadilisha muda, aachane na flashi za juu ya kamera na atafute taa ya betri kama Godox AD200Pro. Hiyo ina wati-sekunde (kipimo cha nishati ya pigo moja la mwanga) 200 dhidi ya 76 za V1, tofauti inayokaribia stopu moja na nusu, na unaiona kwa macho. Lakini kwanza waombe wateja waje saa 11 jioni. Mimi huwaandikia hilo kwenye makubaliano, na wengi hukubali wakishaonyeshwa picha za nyakati zote mbili.

Kuna watu ambao sitawashauri kubadilisha kwa sababu yoyote. Anayepiga watoto wake nyumbani, picha za bidhaa za kuuza mtandaoni, au picha za pasipoti katika chumba chenye kuta nyeupe, anatumia flashi yake kwa robo ya nguvu au chini ya hapo, na flashi kubwa itakuwa inafanya kazi ileile kwa gharama zaidi. Vivyo hivyo anayelalamika kwamba gauni jeupe la bibi harusi linatoka la kijivu: hiyo ni kazi ya mfumo wa TTL (kamera kujipimia yenyewe mwanga wa flashi kupitia lenzi) kudanganywa na weupe mwingi, na itatokea hata kwa flashi ya bei kubwa kuliko zote. Ongeza fidia ya flashi kwa theluthi mbili ya stopu au stopu moja, uendelee na kazi.

Ukishaamua kununua, hakikisha kwanza kwamba flashi na kamera vinaelewana. Canon EOS 250D na 4000D, ambazo vijana wengi huanza nazo, hazina ile pini ya katikati mahali flashi inapochomekwa, hivyo flashi za kawaida zisizozungumza lugha ya Canon, kama Yongnuo YN560, hazitawaka zikiwekwa juu yake. Canon EL-5 nayo hukubali tu kamera zenye kiunganishi kipya cha kampuni hiyo, na mwenye kamera ya zamani hataweza kuitumia. Nenda dukani na kamera yako mwenyewe pamoja na betri zilizojaa. Iweke flashi kwenye nguvu kamili na ufyatue mara 15 au 20, kila mara taa ya kujaa inapowaka, ukiangalia kama muda unarefuka ghafla na kama kuna harufu ya kuungua. Zungusha kichwa pande zote, ukipandishe na kukishusha, na uone kama kinabaki pale ulipokiacha. Kama inatumia betri ya lithiamu, uliza bei ya betri ya akiba na uulize kama ipo dukani siku hiyohiyo, maana betri hiyo haiuzwi kila duka kama AA, na ikikuishia katikati ya sherehe hutapata pa kuikimbilia.

Flashi ya zamani usiiuze kwa haraka. Bei ya mkononi ni ndogo, na ikiwekewa kipokezi cha triga kinacholingana na flashi mpya, inafaa kusimama kwenye stendi upande wa pili wa meza kuu.