Sahani ya inchi 18? Fukia kwanza, franga zikae mfukoni

Usilipe. Kama umeshamwahidi yule muuzaji, mwambie mtoto ana homa, mwambie barabara imekatika, mwambie lolote, lakini leo usilipe.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Una GPX 4500, mashine ya kusikia madini ardhini, na sahani yake ya inchi 11 (ile duara ya chini inayopitishwa juu ya udongo), unatafuta dhahabu upande wa Mwenga, kiwanja chako unasema kimekauka, na hapa Bukavu kuna mtu anakuuzia sahani ya mono, yaani ya uzi mmoja, ya inchi 18 kwa dola 650 ili "uende chini zaidi". Unauliza kama itaingia kwenye mashine, kama betri itaihimili, hedifoni gani zinafaa, na kama uuze ile ya inchi 11 ili kuongezea franga. Hilo la mwisho ndilo limenitoa kitandani saa tano za usiku. Bibi yangu ameuliza naandikia nani. Nimemwambia naandikia mimi mwenyewe wa mwaka 2019.

La kuingia tulimalize. Itaingia. Soketi ni ileile tangu mashine za kwanza za kampuni hiyo, SD na GP, mpaka hizo GPX za zamani. Ungekuwa na GPX 6000 au GPZ 7000 ingekuwa habari nyingine, maana sahani zake zina chipu ndani na mashine haikubali mgeni. Yako inakubali. Lakini hata mimi naingia kwenye suti ya shemeji yangu, shida inakuja nikitaka kupiga magoti kanisani.

Sasa sikia yaliyonipata.

Mimi pia nilikuwa na sahani ya inchi 11. Nilikuwa napata punje ndogondogo, nusu gramu hapa, gramu moja pale, mwezi mwingine sipati kitu. Si utajiri, lakini bugali na sombe vilikuwa mezani na watoto walikuwa shuleni. Halafu ikaniingia kichwani kwamba dhahabu kubwa iko chini na mimi nakwangua juu kama kuku. Mtu akishakuwa na wazo hilo hahitaji kudanganywa sana, amebakiza kusukumwa kidogo tu.

Aliyenisukuma ni muuzaji mmoja ambaye simtaji, anajijua. Alinipeleka nyuma ya nyumba yake, palipokuwa na rundo la mchanga wa kujengea, mchanga safi kabisa. Akafukia kopo tupu la maziwa ya unga, akalishindilia chini mkono mzima mpaka begani. Akapitisha ile sahani kubwa juu. Mashine ikaimba kama kwaya ya Pasaka. Akanitazama, nikamtazama. Mzima mimi, baba wa watoto wanne, nikapiga makofi.

Hakuna aliyeniuliza: yaya, wewe kule Mwenga unatafuta makopo?

Bei ilikuwa dola 700. Sikuwa nazo. Nikachukua za likelemba ya bibi yangu, ule mchango wa zamu wa wanawake, dola 450, nikamwambia ni mkopo wa wiki tatu (wiki tatu hizo bado hazijaisha). Zilizobaki 250 nilizipata kwa kuuza sahani yangu ya inchi 11. Hapo ndipo nilipojikata mkono mwenyewe. Nilimuuzia kijana mmoja tunayechimba naye kiwanja kimoja, ambaye yake ilikuwa imepasuka waya. Nilimwona kama namsaidia. Nilimpa na kifuniko chake bure!

Kutoka hapa mpaka kule ni pikipiki, tope, pikipiki tena. Nikafika, nikafunga sahani yangu mpya, nikawasha.

Udongo wa kule unaujua, ule mwekundu unaoshika kwenye buti na hautoki hata kwa brashi. Wekundu ule ni chuma kilichooza ndani ya udongo. Ongeza yale mawe meusi mazito ambayo ukiyaokota unadhani umeokota risasi. Sahani ya inchi 11 inasikia udongo wa chini yake tu. Ya inchi 18 inasikia udongo zaidi ya mara mbili, na kila chuma kilichomo kinataka kuzungumza. Mashine haikulia, ilinung'unika mfululizo kama mzee aliyenyimwa kasiksi. Nikapiga balansi ya udongo, ili mashine izoee udongo wa pale, ikatulia hatua tatu, ikaanza upya. Nikashusha nguvu, nikageuza mipangilio yote mpaka ile ya utulivu kabisa. Hapo ikanyamaza. Ikanyamazia na dhahabu.

Nilikaa siku 18. Nilikuwa na vijana wawili wa kuchimba, nawalisha na kuwalipa. Shimo la kwanza lilitoa sauti nzuri, pana, ya chini, sauti ya kitu kikubwa. Tulichimba siku moja na nusu mpaka kifuani. Kipande cha reli ya vigari, cha enzi za Wabelgiji. Shimo la pili: jembe lisilo na mpini. La tatu: jiwe jeusi, hakuna kingine. La nne: jiwe, ndugu ya lile la kwanza. La tano sitaki kulisema, lakini lilikuwa sufuria. Ningekuwa mfua chuma ningekuwa na jumba Muhumba leo.

Utaniuliza kwa nini sikuweka mashine ikatae chuma. Niliweka! Nilibonyeza mpaka kidole kikaota sugu. Nikaja kujua baadaye kwamba kwenye hizo GPX, kukataa chuma kunafanya kazi kwa sahani ya DD peke yake, ile yenye nyuzi mbili zinazopishana katikati. Mono ina uzi mmoja unaotuma na kupokea. Inakwenda chini kidogo zaidi, kweli, lakini ukiifunga, kile kitufe kinakuwa pambo. Yule bwana wa mchanga alijua? Kama alijua ni mwizi. Kama hakujua, anauza nini basi?

Ngoja, kibaya zaidi hakijafika.

Siku ya kumi na moja nimekaa pembeni ya shimo la sufuria, namwona yule kijana anakuja nyuma yangu. Anapita palepale nilipopita asubuhi, na nyayo zangu bado ziko kwenye tope. Anapeperusha polepole, chini kabisa, sahani inakaribia kugusa majani. Anainama. Anakwangua kiganja kimoja cha udongo. Anaweka kitu mdomoni ili akisafishe. Anaendelea. Mpaka jioni alikuwa na punje saba. Zilipimwa mbele yangu kwa mnunuzi: gramu 3.4 zote pamoja, ndogo kuliko zote 0.3. Zote zilitoka kwenye mstari wangu. Zote kwa sahani yangu ya inchi 11, na kifuniko changu nilichompa bure.

Nilimpongeza. Nilitembea mpaka mtoni nikajifanya naosha uso.

Jioni hiyohiyo nikamwomba aniuzie tena sahani yangu. Akasema, "Papa, nakuheshimu sana, dola 400." Nilimlaani moyoni, halafu nikamwomba chumvi, maana yangu ilikuwa imeisha.

Kwa nini yeye alizisikia na mimi sikuzisikia? Umewaona wavuvi wa sambaza hapa ziwani, wale wenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na taa usiku. Nyavu zao matundu yake ni madogo sana. Wape wavu mkubwa mara tatu wenye matundu ya kupitisha ngumi, utafunika nusu ya ghuba na utapandisha maji matupu. Sahani kubwa ndiyo hiyo. Nguvu yake imetawanywa kwenye eneo pana, kwa hiyo kitu kidogo kinapita katikati bila kugusa chochote. Kwenye mono kubwa punje ya 0.3 labda utaisikia ikipita karibu kabisa na ukingo, pale uzi ulipo, na hapo uwe unatembea kama kinyonga. Katikati ni uwanja wa mpira. Hata kina chenyewe hakiongezeki kama wanavyosema. Ukubwa ukizidi mara mbili, kina hakizidi mara mbili, kinaongezeka kidogo tu, na kile kidogo unakipata kwa kitu kikubwa. Kopo. Reli. Sufuria, Mungu anisamehe.

Basi nina jambo moja tu la kukuambia, na nitalirudia mpaka unichoke: fukia kwanza. Fukia dhahabu ya kiwanja chako, kwenye udongo wa kiwanja chako, upitishe sahani unayotaka kununua, ndipo mkono uende mfukoni. Muuzaji akikataa kukuazima kwa siku mbili hata kwa kuacha rehani, ameshakujibu.

Namna ya kufukia nayo ina ujanja. Chukua punje ya ukubwa unaoupata kwa kawaida, siyo ile uliyoipata mara moja mwaka wa harusi yako. Usitumie pete. Pete ni duara lililofungwa, mashine inaisikia kwa nguvu ambayo punje ya uzito uleule haina. Usitumie sarafu wala msumari. Punje itie kwenye kipande cha plastiki, si karatasi ya kung'aa ya sigara, na uifunge uzi mrefu uvutie nao (mimi nilipoteza moja ya 0.6 hivyohivyo, bado iko pale, anayeitaka akachimbe). Usichimbe shimo kutoka juu ukarudishia udongo, kwa sababu udongo uliovurugwa haujibu kama uliolala. Tafuta ukingo wa mfereji au wa shimo la zamani, toboa kwa upande na kijiti, sukuma punje ndani. Udongo wa juu ubaki kama Mungu alivyouacha. Anza na ya inchi 11: vidole vitatu, vinne, inasikia mpaka wapi? Andika. Halafu ile kubwa, kwa mipangilio ambayo mashine inakaa kimya nayo, siyo ile ya kelele. Andika. Fanya hivyo na punje tatu za uzito tofauti. Saa mbili tu za kazi. Mimi saa mbili hizo sikuzitoa, nikatoa dola 700, siku 18 na amani ya nyumbani.

Sisemi sahani kubwa ni uongo. Namfahamu mtu anayeitumia vizuri, lakini kwake ni wazi hakuna kichaka, udongo umetulia, na dhahabu ya pale inatoka kwa vipande vya gramu tano, kumi, wakati mwingine tola nzima, karibu gramu 12. Huyo akifukia, kubwa inamshinda ndogo, kwa hiyo ana haki ya kubeba mzigo ule. Na ni mzigo kweli: bila mkanda wa begani mkono unakufa kabla ya saa sita, halafu unaanza kuinua sahani juu ya ardhi bila kujua, na kila kidole unachoinua ni kidole cha kina ulichokilipia. Kwenye mizizi na mawe haiingii popote. Kama unawashwa kabisa kununua kitu, angalia ile ndefu ya yai, inchi 14 kwa 9 hivi, inapenya katikati ya mawe. Nayo ufukie.

Na ile ya inchi 11 usiuze. Usiuze hata nikikosea yote mengine. Kiwanja kilichokauka kwa sahani ndogo mara nyingi kimekauka kwa mwendo wa haraka. Yule kijana hakuwa na uchawi, alikuwa na subira na sahani yangu.

Nilirudi kwa yule bwana, ndiyo. Nilimkuta palepale, rundo la mchanga limepungua, wamejengea. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Shida ni udongo wako." Udongo wangu! Kana kwamba nilipaswa kwenda Mwenga na lori la mchanga safi, nimwage, nifukie kopo la maziwa, nilichimbue mwenyewe, nifurahi. Akasema pia anaweza kuinunua kwa dola 150, kwa sababu "hizi kubwa hazitoki." Wiki sita kabla zilikuwa zinagombewa.

Sikumpa. Iko hapa nyumbani. Kifuniko chake bibi yangu anaanikia sambaza, na kwa kazi hiyo, lazima niseme ukweli, ukubwa wake unafaa sana. Sahani yenyewe ni nzima, waya mzima. Kama bado unaitaka ya inchi 18, usimpe yule mtu 650, yangu nakuachia kwa 200. Ila uje na punje yako na kijiti, tupande wote mpaka kwenye udongo mwekundu, ufukie kwanza. Usipofukia sikuuzii.