"Sina leseni" au "sijaibeba"? Chunga unachomjibu trafiki

Umesimamishwa. Mkono umeingia mfukoni, umepapasa, haujakuta kitu. Jibu linalowatoka madereva wengi ni hili: "Afande, leo sina leseni." Ni Kiswahili cha kawaida kabisa, na ndicho kinachowaponza watu. Maneno hayo yana maana mbili, na sheria inazitenganisha maana hizo mbali sana.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inazungumzia mambo haya mahali pawili tofauti. Kifungu cha 19 kinamkataza mtu kuendesha gari bila kuwa na leseni hai. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kupewa leseni, au aliyepewa ikaisha muda wake. Kifungu cha 77 kinahusu mwenye leseni anayetakiwa kuionyesha akashindwa kwa wakati ule, na humo ndimo kuna nafuu ambayo madereva wengi hawaijui: ukiipeleka leseni yako ndani ya siku tatu kwenye kituo cha polisi ulichotajiwa pale uliposimamishwa, hutiwi hatiani kwa kosa hilo.

Kwa hiyo sema hivi: "Afande, leseni ninayo, nimeiacha nyumbani. Naomba unitajie kituo nitakachoipeleka ndani ya siku tatu." Sema taratibu, kwa heshima, ukiwa umezima injini na kioo kimeshushwa. Askari aliyesimama juani tangu asubuhi akikuta unamjia juu na vifungu vya sheria, mazungumzo yanaharibika hata kama haki iko upande wako. Taja kifungu ikibidi tu.

Kabla hujaondoka hakikisha una vitu vinne kwenye karatasi au simu: jina la kituo, tarehe na saa uliyosimamishwa, mahali penyewe, na namba ya askari iliyo kwenye sare yake. Bila jina la kituo zile siku tatu hazikusaidii, kwa sababu hujui pa kwenda, na kesho hutaweza kueleza kwamba ulitaka kwenda. Kama umesimamishwa safarini, mathalani Chalinze, na leseni iko Mwanza, liseme hilo palepale. Omba kituo utakachoweza kukifikia, kisha mwambie mtu wa nyumbani aitume kwa basi siku hiyohiyo. Usingoje siku ya tatu, maana basi likiharibika njiani siku imekwisha. Ikifika, nenda nayo mwenyewe. Kumtuma mdogo wako aiwasilishe kunazua maswali mapya.

Kituoni peleka leseni halisi na nakala yake moja. Mwombe askari wa zamu aandike kwenye nakala kwamba leseni imeonekana, aweke tarehe, jina na sahihi. Nakala hiyo itunze mwezi mzima au zaidi, kwa sababu ikitokea kosa liliingizwa kwenye mfumo, ndiyo utakayoionyesha.

Watu hukwama kwenye mambo mawili. La kwanza ni muda. Tangu Julai 2019 leseni ya Tanzania hudumu miaka mitano, na ada yake ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Miaka mitano ni mirefu kiasi cha kusahau. Dereva anakimbia nyumbani, anaichukua, anaifikisha kituoni kwa furaha, kumbe iliisha wiki sita nyuma. Hapo amejihamisha mwenyewe kutoka kifungu cha 77 kwenda cha 19. Angalia tarehe ya mwisho sasa hivi, kisha weka kikumbusho kwenye simu miezi miwili kabla, kwa kuwa kuihuisha kunahitaji muda wa kupita polisi na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato.

La pili ni daraja. Leseni ya daraja D ni ya gari binafsi. Haikuruhusu kubeba abiria wa kulipa kwenye Hiace, maana hiyo ni kazi ya madaraja ya C, wala kuendesha lori la biashara, ambalo ni la E. Na daraja la gari peke yake halikupi ruhusa ya pikipiki, ambayo iko kwenye madaraja ya A. Mwenye D akikamatwa na Hiace yenye abiria, kuipeleka leseni ndani ya siku tatu hakumwokoi. Kosa lake halikuwa kuisahau.

Ukiandikiwa notifikesheni, yaani taarifa ya faini ya barabarani, kiwango ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Bodaboda na bajaji walishushiwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Soma kilichoandikwa kabla ya kulipa. Kama ni kosa la kuendesha bila leseni wakati leseni unayo, mwambie askari palepale. Kulipa ni kukubali kosa, na asiyekubali ana haki ya kwenda kujieleza mahakamani. Usiliache deni hewani, maana likipita siku saba linaanza kukua na linaifuata namba ya gari. Mwenye gari, hasa aliyempa dereva kwa hesabu ya siku, aangalie deni hilo kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kila wiki.

Kuhusu "hela ya soda": usitoe. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, na lile la kusahau leseni, lililokuwa na dawa ya bure ya siku tatu, umeligeuza kuwa jinai. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Picha ya leseni kwenye simu je? Ipige, pande zote mbili. Si leseni na haimlazimishi askari kukuachia, lakini inaonyesha namba, madaraja na tarehe ya mwisho, hivyo maneno yako kwamba leseni unayo yanapata uzito. Nakala ya karatasi ni vilevile.

Tuseme kuhusu ajali, maana hapa hofu ni kubwa kuliko inavyostahili. Kuacha leseni nyumbani peke yake hakuifuti bima. Masharti ya kawaida ya bima yanataka dereva awe mtu mwenye leseni ya gari lile, na kampuni itaiomba nakala yake pamoja na fomu ya madai, kadi ya gari na ripoti ya polisi. Shida inaanza pale leseni ilipokuwa imeisha siku ya ajali, au daraja halikuendana na gari. Hapo madai ya gari lako yanaweza kukataliwa, hata kama una bima kubwa na umelipa yote.

Kama imepotea, zile siku tatu hazitoshi na usizitegemee. Chukua ripoti ya upotevu polisi, kisha uombe leseni mbadala TRA. Tembea na ripoti hiyo, ila ujue ni maelezo tu, haichukui nafasi ya leseni.

Anayevuka Horohoro, Holili au Namanga kwenda Kenya ajue hesabu ni nyingine. Kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, kushindwa kuonyesha leseni hapo kwa hapo ni faini ya shilingi 1,000 za Kenya. Kuendesha gari ambalo leseni yako haina daraja lake ni 7,000. Kwa hiyo kule pia, chunga kosa lipi linaandikwa.

Leseni nyingi zisizokuwepo mfukoni hazikusahaulika nyumbani. Ziko getini. Mlinzi wa ofisi anaomba kitambulisho, dereva anatoa leseni kwa sababu iko juu kwenye pochi, anatoka kwa mlango mwingine au anaondoka akiongea na simu. Getini acha kadi ya mpiga kura. Nyingine huwa kwenye kibao cha kuzuia jua cha gari lile jingine, lililo gereji wiki nzima. Ina ukubwa wa kadi ya benki: iweke kwenye pochi nyuma ya kadi unayoitumia kila siku, na kwa dereva wa bodaboda anayebadilisha koti kila mvua ikinyesha, ikae kwenye kifuko cha shingoni ndani ya shati.