Watoto wa mbwa wasio na mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Dada, umesema umewakuta wanne mtaroni kule Nkuhungu, macho bado yamefumba, mama yao kagongwa na gari. Tangu jana unawapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, wanalia usiku kucha, na mmoja ameanza kulegea. Nimelea wa namna hiyo hapa Dodoma mara nyingi, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu, maana majibu ya "wape maziwa tu watakua" ndiyo yanayowaua.

Anza na huyo aliyelegea. Usimpe maziwa sasa hivi. Vaa glavu, kisha mtie kidole mdomoni. Ukisikia ubaridi, basi kinachomsumbua kwanza si njaa. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hana uwezo wa kujitengenezea joto, hata kutetemeka hajaweza. Mwili ukipoa, utumbo nao unasimama. Maziwa unayomwingizia hayasagiki, yanachacha tumboni, tumbo linajaa hewa, au yanarudi juu na kuingia mapafuni. Watu huniambia, "Nilimlisha vizuri tu, asubuhi nikamkuta amekufa." Ukiwauliza alikuwa wa baridi au wa moto wakati wa kulishwa, hawajui, hawakumgusa kwa kumpima. Katika yote nitakayoandika, hili ndilo nakuomba ulishike kuliko mengine.

Mpashe joto polepole. Mweke kifuani mwako ndani ya nguo, ngozi yake igusane na yako, umfunike kwa kanga, umgeuzegeuze taratibu. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, usikate tamaa. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala kumsogeza jikoni, joto la ghafla humuua vilevile. Wakati unasubiri, koroga glukosi ya unga kwa maji kidogo ya vuguvugu umpake kwenye fizi kwa ncha ya kidole, tone moja au mawili. Mdomo ukishakuwa vuguvugu na akaanza kutafuta chuchu kwa pua, hapo sasa tuzungumze maziwa.

Najua utasema Dodoma kuna joto. Mchana, ndiyo. Lakini miezi ya Juni na Julai usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wetu unapenya kila tundu la dirisha. Hawa pale walipolala wanahitaji nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kidogokidogo hadi wiki ya nne watosheke na 21 hadi 24. Chukua boksi la katoni lenye kuta ndefu, liweke juu ya ubao au meza, lisikae kwenye sakafu ya saruji. Tandika blanketi kuukuu. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, ifunge vizuri, izungushie taulo, uilaze upande mmoja tu wa boksi. Upande mmoja, nasisitiza, ili anayeona joto limezidi aweze kujiburuta pembeni. Wakiwa wamebanana juu ya chupa na kulia, joto halitoshi. Wakiwa wametawanyika wanahema kwa kasi, limezidi. Wakiwa wamelala pamoja kimya, uko sawa. Balbu za siku hizi za kubana matumizi hazitoi joto la maana, na umeme ukikatika usiku wa manane unabaki mikono mitupu, ndiyo maana mimi naweka chupa ya chai yenye maji ya moto kando ya kitanda. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie chumbani. Sumu yake haina harufu, itawaua wao na wewe.

Kabla hujanunua chochote, piga simu au tembea utafute jike anayenyonyesha. Muulize afisa mifugo wa kata yako, waulize wafugaji wa Nzuguni, Mkonze, hata Hombolo, kaya nyingi za huko zina mbwa wa kuchungia. Jike mwenye watoto wawili watatu na maziwa ya kutosha anaweza kuwapokea wako kama utawapaka harufu ya watoto wake kwa kuwasugua na tandiko lao. Kaa naye mara ya kwanza, usimwachie ukaondoka. Hakuna bomba la sindano wala chupa inayomfikia mama, na mimi hulea kwa mkono pale tu nilipokosa jike.

Ukimkosa, acha hayo maziwa ya ng'ombe matupu. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili ya ya ng'ombe, na sukari ya maziwa iliyo ndogo. Kwa hiyo ya ng'ombe ni mepesi mno kwao na bado yanawaharisha, na ukiyaongeza maji, kama wengi wanavyoshauri, unazidi kuwashindisha njaa. Ya mbuzi hayana tofauti kubwa. Yanayofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Maduka ya dawa za mifugo mjini huwa hayana kila siku, waambie wakuagizie, au mtu wako akutumie kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kwa siku moja mbili za kusubiri, tumia maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari: vipimo vinne vya maziwa kwa kimoja cha maji yaliyochemshwa. Soma kopo vizuri. Yale matamu ya kupaka mkate siyo.

Kijiko kiweke kando kabisa. Nenda duka la dawa ununue mabomba madogo ya sindano, sindano zenyewe uzitoe. Mtoto wa mbwa hanyonyi chali kama mtoto wa binadamu. Alale kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama angekuwa chini ya mama yake. Dondosha taratibu, ameze, ndipo uongeze. Maziwa yakimtoka puani, acha hapohapo, mwinamishe kichwa, mfute. Akianza kukohoa au kupumua kwa sauti baada ya hapo, ni wa kupelekwa kwa daktari siku ileile.

Wiki ya kwanza wanakula kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana. Wiki ya pili saa tatu hadi nne, ya tatu unaweza kupumua kidogo. Kiasi kinategemea uzito: kwa kila gramu 100 za mtoto, mililita 13 kwa siku nzima wiki ya kwanza, 17 ya pili, 20 ya tatu. Mlo mmoja usizidi mililita 4 kwa gramu 100, tumbo lao halibebi zaidi. Hapo utaona kwa nini unahitaji mizani ya jikoni. Wapime kila siku saa ileile na uandike daftarini. Anayekua vizuri huongeza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kila siku. Asiyeongeza siku moja, mwangalie kwa karibu, na anayepungua usimsubirishe. Kuwatofautisha, paka rangi ya kucha kwenye ukucha mmoja wa kila mtoto. Usifunge uzi shingoni.

Jambo ambalo hakuna aliyekuambia: hawawezi kukojoa wenyewe. Mama yao angewalamba. Kabla na baada ya kila mlo, chovya pamba kwenye maji vuguvugu uwapanguse sehemu zao taratibu mpaka mkojo na choo vitoke. Ni hadi watimize wiki tatu hivi. Huenda kilio unachokisikia usiku ni kibofu kimejaa.

Macho yatafunguka yenyewe kati ya siku ya 10 na ya 14, usiyalazimishe. Viroboto waondoe kwa kitana chembamba na maji vuguvugu yenye sabuni, ukaushe papo hapo, urudishe kwenye joto. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya unga ya kuua wadudu ni sumu kwa mtoto mdogo hivi, hata kama muuzaji anakuhakikishia. Minyoo wanazaliwa nayo, inapita tumboni mwa mama na kwenye maziwa, hivyo dawa huanza wakiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili hadi ya nane, kwa kipimo cha daktari na si cha kukisia. Minyoo hiyo huwapata watoto wetu pia, kwa hiyo mikono inawe.

Sasa kichaa cha mbwa, na hapa sitaki uchukulie kirahisi. Hujui kama mama yao alichanjwa. Yeyote nyumbani akiumwa, akikwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishatokea kwa binadamu, hakuna tiba. Vaa glavu kila unapowagusa mdomo au mate mpaka daktari wa mifugo awaone.

Kuanzia wiki ya nne wape nyama ya kusaga iliyochemshwa ikachanganywa na maziwa yao, baadaye dagaa wasio na chumvi na uji kidogo. Ugali mtupu hautoshi. Na kwa sababu tuko Dodoma: zabibu, mbichi au kavu, zisiwafikie kabisa, zinaharibu figo za mbwa. Vitunguu pia. Chanjo ya kwanza ni wiki ya sita hadi ya nane na marudio mpaka wiki ya 16, ya kichaa wakifikisha miezi mitatu. Kabla chanjo hazijakamilika wasitembezwe barabarani, parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, uko nje huko.

Watu wataanza kukuomba mapema, "nipe mmoja, ni wazuri." Usitoe kabla ya wiki nane, wanajifunza kwa ndugu zao kutong'ata kwa nguvu. Na kama umepanga, ongea na mwenye nyumba na majirani leo. Wapo ambao kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi, ni haki yao. Watengee vibwa ndoo, beseni na kamba ya kuanikia vya peke yao, utaona ugomvi haupo.

Wapime kabla ya mlo ujao, uniandikie uzito wa kila mmoja na rangi ya fizi za huyo mlegevu, nikufanyie hesabu ya maziwa.