Maswali na Majibu ya Walimu: Lengo Ubaoni, la Mtoto au la Mkaguzi?

Barua nyingi za safari hii, kutoka kwa walimu wa shule za msingi Uganda, zinahusu jambo moja: lengo la somo liandikwe wapi, liandikwe vipi, na kwa nini mwalimu mkuu hapati usingizi asipoliona. Nimechagua chache.

Niandike lengo upande gani wa ubao? (Mwalimu, Iganga)

Juu kushoto, pale pale kila siku. Ukiliandika chini, walioketi nyuma wataona visogo vya wenzao tu.

Nina watoto 94 wa darasa la kwanza, hawajajua kusoma. Mkuu anadai lengo liwe ubaoni kila kipindi. La kazi gani? (Mwalimu, Kasese)

Kwa jinsi unavyoliandika sasa, halina kazi. Nimeiona picha ya ubao wako. Ni sentensi ndefu ya Kiingereza, imenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye andalio la somo, mpaka ile "kufikia mwisho wa kipindi mwanafunzi ataweza". Tangu 2007 mtaala wa mada, unaopanga mafunzo kwa mada badala ya masomo, unatutaka tufundishe madarasa matatu ya kwanza kwa lugha ya eneo, Kiingereza kipokee kijiti kuanzia la nne. Sasa somo unalifundisha kwa Lukonzo, lengo unaliandika kwa Kiingereza. Unamwandikia nani? Sote tunajua: mkaguzi. Basi mkaguzi andalio lako atalikuta mezani, alisome huko. Ubao mwachie mtoto.

Kipindi chako ni dakika 30, kwa hiyo usitafute makubwa. Kama leo ni kuhesabu hadi kumi, tunga vizibo kumi vya soda kwenye kamba, uitundike kando ya ubao. Sema kwa Lukonzo, "Leo tutahesabu mpaka vizibo hivi viishe." Warudie. Hilo ndilo lengo, limetundikwa na linaonekana. Kipindi kikikaribia kwisha, rudi kwenye kamba umwite mtoto wa nyuma kabisa ahesabu. Usiwaulize wote kwa pamoja, "Mmeelewa?" Watoto 94 watakuitikia "Ndiyo mwalimu!" hata ungekuwa umefundisha Kichina. Kesho yake, kwenye kipindi cha habari, mtoto mmoja awaeleze wenzake jana alijifunza kufanya nini. Akikwama, umeshajua pa kuanzia.

Mkuu akinung'unika, mwonyeshe kamba.

Lengo langu, "Wanafunzi waelewe sehemu za mmea", limepigwa mstari mwekundu. Kosa liko wapi? (Mwalimu, Masaka)

Kwenye "waelewe". Kuelewa hakuonekani kwa macho. Mmarekani Robert Mager alilipigia kelele jambo hili tangu 1962, na bado kila muhula naletewa "waelewe", "wafahamu" na "watambue umuhimu". Andika kwa mdomo wa mtoto: "Naweza kuonyesha mzizi, shina, jani na ua." Mpe mharagwe uliong'olewa na udongo wake, aonyeshe. Ameweza au hajaweza, hakuna katikati.

Na kabla hujaniandikia tena: "Kwenda shambani kung'oa maharagwe" si lengo, ni kazi mtakayoifanya. Walimu wengi huchanganya hivi viwili, kisha wakashangaa watoto kurudi na maharagwe bila mzizi hata mmoja kichwani.

Tafadhali nitumie malengo yote ya darasa la nne, muhula wa pili, niyachapishe niyabandike. (Hakutaja alipo)

Hapana. Hii ni barua ya nne ya namna hii. Vitabu vya mtaala vya NCDC, kituo cha taifa cha kukuza mitaala, vimo kwenye kabati la mkuu wako, omba ufunguo. Na lengo la wiki ya sita lililobandikwa wiki ya kwanza ni pambo la ukuta.

Tunasomea kanisani. Kila Ijumaa tunabandua kila kitu, karatasi za manila zinachanika. (Mwalimu, Soroti)

Achana na manila. Tafuta gunia jeupe la sukari, lipasue mshono, lioshe, litie fimbo juu na chini. Shonea mifuko mitano ya plastiki inayopitisha mwanga, mmoja kwa kila siku. Kata boksi vipande, andika lengo kwa kalamu nene, chomeka. Ijumaa unalikunja kama mkeka unaondoka nalo. Likinyeshewa, unalianika. Wanaokuambia uchangishe wazazi hela ya kuchapisha mabango ya rangi wanakutafutia kesi.

Wanafunzi wanakili lengo daftarini? (Mwalimu, Mbale)

La sita na la saba, kama ni mstari mmoja, sawa. Chini ya hapo utapoteza dakika kumi. Ila nanyi wa la saba, "kupita PLE", yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, si lengo la somo, ondoeni.

Ni lazima lengo lijulikane mwanzoni? (Mwalimu, Jinja)

Si lazima. Ukileta beseni la maji, jiwe na kipande cha ubao, kisha ukaandika "Naweza kueleza kuwa jiwe huzama na ubao huelea", utamu wote umeumwaga. Andika swali: "Kipi kitazama?" Wabishane, watumbukize, waone. Lengo liandikeni pamoja mwishoni.

Nafundisha Kiswahili darasa la nne. Lengo niliandike kwa lugha gani? (Mwalimu, Arua)

Kwa Kiswahili, lakini chepesi. Tangu Baraza la Mawaziri liamue mwaka 2022 kwamba somo hili liwe la lazima, nimeona mbao zenye "Kubainisha viambishi vya nafsi" mbele ya watoto ambao hata kuomba maji kwa Kiswahili hawawezi. Andika "Naweza kumsalimu mtu mmoja na watu wengi." Chini yake chora mtu mmoja, andika "Hujambo?" Chora watatu, andika "Hamjambo?" Halafu wewe mwenyewe toka nje, ubishe hodi, uingie ukiwasalimu hivyo hivyo.