Betri mpya nayo imekufa? Pima kabla ya kununua nyingine

Ndugu, umesema umeweka betri mpya na ndani ya wiki pikipiki haiwaki tena. Usinunue ya pili. Huenda tatizo liko kwenye chaji.

Tafuta mita ya kupimia volti, hata ya bei ya chini. Betri ikiwa imejaa na injini imezimwa, isome karibu volti 12.6. Washa, piga resi ya wastani, pima palepale kwenye betri. Ikifika 13.8 hadi 14.5, chaji ni nzima. Tafuta kinachonyonya umeme pikipiki ikiwa imezimwa. Ikizidi 15, rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri) imekufa na itaichemsha betri. Isipopanda, endelea.

Zima, chomoa soketi ya waya zinazotoka kwenye koili inayozalisha umeme kwenye injini, mara nyingi ni tatu za njano. Itazame vizuri: plastiki imegeuka kahawia, pini nyeusi? Mara nyingi ugonjwa wote uko hapo. Kata, unga kwa risasi, valisha mpira, umemaliza.

Soketi ikiwa safi, iache imechomolewa, washa, weka mita kwenye volti za AC (umeme geu), pima waya mbilimbili. Jozi zote tatu zikaribiane na zipande na resi. Jozi yoyote ikilala, koili imeungua. Fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka upya, kwa kawaida nafuu kuliko mpya. Zikiwa sawa, safisha asi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), kisha badilisha rektifaya. Hiyo haifunguliki, imemwagiwa gundi.

Na yeyote akikuambia uchomoe betri injini ikiwaka "kupima chaji", mkatalie. Unaweza kuunguza taa na CDI, kifaa kinachopeleka umeme wa kuwasha plagi.