Bustani ya Maji Nikiwa Safarini

SWALI: Ndugu Mhariri, nina miche 40 ya saladi na chainizi niliyoipanda bila udongo kwenye mabomba ya plastiki nyuma ya nyumba. Pampu ndogo ya umeme huzungusha maji yenye virutubisho kutoka kwenye tanki la lita 100. Mwishoni mwa Oktoba tunakwenda Kondoa kwenye harusi ya mdogo wangu, na tutakaa siku 14. Atakayebaki ni mtoto wa jirani, ambaye mara ya mwisho nilimwachia kuku akawasahau. Nifanyeje nisikute mabua makavu?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, wengi wanaosafiri huhangaikia mbolea, ilhali mboga za majani hazifi kwa upungufu wa mbolea ndani ya siku 14, hufa kwa kiu, na kwa jua na hewa kavu ya Dodoma mwezi Oktoba, kiu hiyo huja haraka. Basi anza kwa kupima, usikisie. Siku chache kabla ya safari, jaza tanki jioni na uchore alama usawa wa maji, kisha jioni inayofuata rudishia maji hadi kwenye alama ukihesabu lita kwa jagi. Tuseme zimeingia lita 8: kwa siku 14 utahitaji lita 112, na kwa kuwa mboga zitakuwa zinaendelea kukua, ongeza nusu yake, upate takriban lita 170. Tanki lako peke yake halitoshi, hasa ukikumbuka kwamba pampu huanza kuvuta hewa kabla maji hayajaisha.

Tafuta pipa la lita 200 lenye mfuniko, maana pipa lililo wazi huzalisha mbu, uliweke juu ya matofali kivulini, kisha uliunganishe na tanki kwa mpira na koki ya boya, ile ile inayokaa ndani ya tanki la choo cha kuvuta. Maji yakishuka, boya linashuka na koki inafunguka yenyewe, bila umeme wala mtoto wa jirani. Ndani ya pipa tia mchanganyiko wenye nusu tu ya mbolea unayotumia kila siku, kwa sababu wakati wa joto mmea hunywa maji mengi kuliko chumvi za mbolea, na chumvi zinazobaki kwenye tanki huzidi kukolea hadi zikaunguza ncha za majani. Rekebisha pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe karibu na 5.5 siku ya kuondoka, kwani maji ya visima, yakiwa na chokaa, huipandisha polepole.

Linalobaki ni umeme, na hapo ndipo mabomba yana udhaifu wake: pampu ikisimama saa sita mchana, mizizi inaweza kukauka kabla ya jua kuzama. Ziba nusu ya chini ya tundu la kutolea maji katika kila bomba, ili sentimita mbili au tatu za maji zibaki ndani hata mtiririko ukikatika. Usizibe zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya juu ya mizizi inahitaji hewa, na mizizi iliyozama yote kwenye maji ya moto huoza. Funika tanki kwa gunia jeupe, tandaza neti ya kivuli juu ya miche, na uvune majani yote yaliyokomaa asubuhi ya safari. Mmea wenye majani machache hunywa kidogo, na wenyeji wenu wa Kondoa hawatakataa saladi.

Mtoto mpe kazi moja tu: kila akitoka shule asikilize kama maji yanaanguka ndani ya tanki. Akikuta kimya, amwage jagi moja la maji safi kwenye kila bomba, kisha akupigie simu.