Kisasili si uongo

Swali: Nimeona bango la semina ya afya lililoandikwa "Tuvunje visasili kuhusu usingizi". Shuleni nilifundishwa kwamba visasili ni masimulizi ya asili ya ulimwengu na watu wake. Je, neno limebadilika maana? Na Fumo Liyongo ni kisasili au kisakale?

Jibu: Halijabadilika. Linapindwa, tena na watu ambao hawalihitaji hata kidogo.

Kisasili ni kisa na asili, kama kisakale, yaani masimulizi ya mashujaa wa zamani, kilivyo kisa na kale. Hapo hapana fumbo. Ni masimulizi ambayo jamii huyaamini kuhusu chimbuko la mambo: ulimwengu ulianzaje, watu walitoka wapi, kifo kilikujaje. Jamii nyingi za Kibantu husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga akawaambie watu kuwa hawatakufa. Kinyonga akajikokota, mjusi akampita njiani na habari ya kifo, na neno lililotangulia kufika ndilo lililoshika. Hicho ni kisasili. Anayekisimulia hatoi taarifa za mwendo wa mijusi. Anaeleza jambo ambalo kila aliyefiwa analijua, kwamba kifo huonekana kama kitu kilichokaribia kabisa kuepukika.

Sasa mtu alichukue neno hilo, alibandike kwenye dai kwamba mtu mzima anatosheka na usingizi wa saa nne! Dai hilo ni kosa, basi. Halina wahusika, halina tukio, halielezi chimbuko la chochote. Na Kiswahili hakijawahi kuwa na uhaba wa maneno ya kuita jambo lisilo kweli. Tuna uvumi, ambao hauna mwenyewe na kesho unaweza hata kuthibitika. Tuna uzushi, ambao lazima yuko aliyeuzua. Tuna porojo. Tuna uongo, ambao msemaji wake anaujua. Tuna dhana potofu, ambayo mtu huishika kwa nia njema kabisa, na ndiyo hasa iliyotakiwa kwenye bango lile. Mwandishi wake aliyaruka yote hayo kwa sababu alikuwa anatafsiri kichwani, na Kiingereza kimelitwika neno moja, myth, mizigo miwili: kisasili na dhana potofu. Mizigo hiyo si yetu. Sisi tulikwisha kuitenganisha.

Hasara yake si ndogo. Chukua sentensi ya kawaida ya mhakiki: "Riwaya ya Nagona imejaa visasili." Kwa aliyesoma fasihi, sentensi hiyo inamweleza jinsi Euphrase Kezilahabi, mwaka 1990, alivyoachana na usimulizi wa mambo ya kila siku akaingia katika safari ya kuisaka kweli, yenye wahusika na mandhari yasiyo ya dunia tunayoikanyaga. Kwa aliyelelewa na mabango, sentensi hiyohiyo inamtuhumu Kezilahabi kuwa mwongo. Vivyo hivyo Ngũgĩ wa Thiong'o alipokitunga upya kisa cha Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa Wagĩkũyũ, na binti zao katika Kenda Mũiyũru. Tutasema ametunga kitabu kizima cha dhana potofu?

Lakini mfano ambao sitauacha, hata nikiambiwa nimeurudia mno, ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Kila ninapoutetea msamiati huu, kuna anayeniuliza kwa ushindi: je, maji ya dawa ambayo Kinjeketile aliwapa wapiganaji yalizuia risasi za Wajerumani? Hayakuzuia. Watu walikufa kwa maelfu katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, na hakuna mwenye akili anayelikana hilo. Basi, anasema, kisasili ni uongo.

Aisome tamthilia. Mtu anazama mtoni, anakaa humo hadi watu wamkatie tamaa, kisha anatoka nguo zake zikiwa kavu, akinena neno kutoka kwa Hongo, mzimu wa majini. Neno hilo linawafanya watu wa makabila yaliyokuwa yakitafunana wajione kuwa ni wamoja. Baadaye Kinjeketile mwenyewe anaanza kulitilia shaka, lakini limekwisha kumpita kimo. Watu wanalishika kwa nguvu kuliko yeye aliyelileta. Mwishoni yuko kifungoni, na anaombwa jambo moja tu: aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kwamba akilitamka hilo, kesho wataambiwa wana na wajukuu kwamba waliopigania ardhi yao walikosea kupigana.

Onyesho hilo lote limesimama juu ya tofauti kati ya dai na kisasili. Dai la kwamba maji huzuia risasi lilipimwa na risasi, likaanguka. Masimulizi ya mtu aliyeingia mtoni akatoka na neno la kuwaunganisha wanyonge hayapimwi kwa risasi, na ndiyo maana yangali hai jukwaani na madarasani. Hussein aliliona hilo waziwazi. Katika utangulizi aliwatahadharisha wasomaji wasimchanganye Kinjeketile wake, kiumbe cha sanaa, na mtu wa historia. Ukiamua kwamba kisasili maana yake ni uongo, humwelewi Kinjeketile anakataa nini pale kifungoni. Unabaki na mfungwa mkaidi tu.

Na dunia ya sasa bado inavitumia visasili kwa maana yake halisi. Wamarekani walipompeleka mtu mwezini waliuita mpango wao Apollo, jina la mungu wa Wagiriki, na mpango wa kurudi huko wameuita Artemis, pacha wake. Jina lilichaguliwa kwa sababu masimulizi hayo yana uzito hata kwa wahandisi wasiomwamini Apollo.

Kuna upanuzi mmoja ninaoukubali. Ukiniambia "kisasili cha taifa", yaani simulizi ambalo taifa hujipa kuhusu kuzaliwa kwake, sitakusahihisha, hata kama wanahistoria wamelitoboa simulizi hilo matundu mengi. Bado ni kisa, na bado kinahusu asili. Wanaosema "acha hadithi" wakimaanisha "acha uongo" nao nimewazoea, kwa kuwa hadithi ni neno pana na muktadha hulilinda. Kisasili halina ulinzi huo. Ni istilahi changa, wengi hukutana nayo darasani tu, na wakikutana nayo kwanza kwenye bango hawatairudia tena maana yake.

Kuhusu Liyongo: ni kisakale. Haelezi asili ya ulimwengu wala ya kifo. Ni shujaa wa watu maalumu, wa pwani maalumu, mwenye mama, maadui na mwana aliyemuua kwa sindano ya shaba kitovuni, kama anavyosimulia Muhammad Kijumwa katika utendi wake wa mwaka 1913. Ukipenda kusema mighani badala ya kisakale, sema. Wahakiki wengi hufanya hivyo na maana haipotei.